Nani Aketi Mezani? Ukarimu wa Kikristo na Watu Waliosahauliwa katika Uhuru wa Watumwa na Nitaolewa Nikipenda

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuutazama Ukristo kwa jicho moja. Dini hii huchukuliwa kuwa ni mkono wa kulia wa ukoloni, na kila mhusika anayeinama mbele ya msalaba huhesabiwa kuwa ameinama mbele ya bendera. Mtazamo huo una ukweli wake, wala makala haya hayakusudii kuukana. Hata hivyo, una upungufu mmoja: unamshughulikia sana mtu anayetoa dini na kumsahau anayeipokea. Mtu aliyeachwa nje ya kila mlango, kisha akafunguliwa mlango mmoja, ana sababu zake za kuingia, na sababu hizo haziwezi kuelezwa zote kwa kumtaja aliyemfungulia.

Makala haya yanachunguza jinsi ambavyo kuwapokea na kuwatukuza watu waliosahauliwa, kama tendo la imani ya Kikristo, kunavyojitokeza katika matini mbili zilizotoka Kenya. Ya kwanza ni Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Ya pili ni Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Matini hizi zimetengana kwa zaidi ya miaka arobaini na kwa itikadi zinazopingana. Moja inaushukuru Ukristo na nyingine inaukejeli. Zinalinganishwa hapa kwa sababu zote mbili zinauliza swali lile lile, nalo ni hili: mnyonge anapoitwa karamuni, je, anaitwa ili aketi au ili alipe?

Ili swali hilo lipate kipimo kisichotoka nje ya imani yenyewe, makala yataanza na mfano wa karamu kuu katika Injili ya Luka, sura ya 14. Maswali matatu yataongoza uchambuzi: nani anaalika, nani anasema, na nani analipa.

Mfano wa karamu kama kipimo

Mandhari ya mfano huu ni muhimu. Yesu yumo mezani, siku ya Sabato, nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anawatazama wageni wanavyogombea viti vya mbele, kisha anamshauri mwenyeji wake asiwaalike jamaa na majirani matajiri, kwa kuwa hao watamwalika naye, na deni litakuwa limelipwa. Awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, watu wasio na cha kurudisha. Ndipo mfano unapofuata, ukiwa ni kielelezo cha shauri hilo. Mtu aliandaa karamu kubwa, walioalikwa wakatoa udhuru, na nafasi zao zikajazwa na watu wa vichochoroni, na hatimaye na watu wa njiani huko nje ya mji.

Kifani, jambo linaloonekana upesi ni mgawanyo wa usemi. Waliokataa wamepewa maneno. Mmoja amenunua shamba, wa pili ng'ombe jozi tano, wa tatu ameoa, na kila mmoja anajieleza. Mwenye nyumba naye anasema, tena kwa hasira. Maskini, vilema na vipofu hawasemi neno. Wanaingia, wanaketi, na msimulizi anawaacha hapo. Karamu inafanyika kwa ajili yao, lakini msomaji hajui waliionaje. Huenda walifurahi, na huenda waliona haya kuketi mahali palipoandaliwa mtu mwingine. Matini iko kimya.

Kuna mhusika wa tatu ambaye wahubiri humpita haraka. Ni yule anayetumwa. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ambayo imeenea kuliko nyingine zote katika Afrika Mashariki ya Kiprotestanti, inamwita mtumwa, na hapa Kiswahili kinatoa maana ambayo lugha nyingine nyingi haziwezi kuitoa. Neno mtumwa limetokana na kitenzi kutuma: ni mtu anayetumwa. Huyu ndiye anayepeleka mwaliko, anayerudi na habari za udhuru, anayetoka tena vichochoroni, na anayemwarifu bwana wake kwamba nafasi bado ipo. Kati ya watu wa hali ya chini wote waliomo katika mfano, yeye peke yake anasema. Na yeye peke yake hatuambiwi kwamba aliketi.

Mwandishi wa Injili hiyo hiyo anaonekana kulijua tatizo hili. Katika sura ya 12 anatoa picha iliyopinduliwa, ambapo bwana anajifunga kiunoni, anawaketisha watumwa wake na kuwahudumia chakula. Hicho ndicho kilele cha ukarimu wa Kikristo kwa kipimo chake chenyewe. Mlango uliofunguliwa hautoshi kwa kipimo hiki. Sharti mwenyeji na mtumwa wabadilishane nafasi.

Neno moja jingine katika mfano linahitaji tahadhari. Bwana anaagiza kwamba watu wa njiani washurutishwe kuingia. Katika karamu, kushurutisha kunaweza kuwa ni kumsihi mgeni mwenye haya, kama ilivyo desturi ya wenyeji wengi. Lakini mwanzoni mwa karne ya tano Augustino wa Hippo alilitumia agizo hilo kuhalalisha nguvu ya dola dhidi ya Wadonatisti wa Afrika ya Kaskazini. Kwa hiyo tangu zamani neno la ukarimu limekuwa na uwezekano wa kugeuka kuwa neno la amri. Uwezekano huo ndio uliozikuta pwani za Kenya katika karne ya kumi na tisa.

Uhuru wa Watumwa: mgeni anaposimulia karamu

Freretown ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Ilikuwa makao ya watu waliokamatwa utumwani kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza. Kabla yao na pamoja nao walikuwapo Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kuokolewa vivyo hivyo. Baadhi yao, kama William Jones na Ishmael Semler, walifanya kazi ya ualimu na ukalimani katika misheni kwa miaka mingi, wakapewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Hawa ndio watumwa wa mfano wa Luka kwa maana kamili ya neno: walitumwa kuwaita wengine.

Ili kuelewa uzito wa kupokelewa huko, ni lazima kukumbuka jinsi jamii ya pwani ilivyompima mtu. Muungwana alikuwa mwenye nasaba. Mtumwa, na hata mtumwa aliyeachwa huru, alikuwa mtu asiye na kwao. Hata majirani wa misheni waliwaita walowezi hawa mateka, jina linalomfunga mtu na siku aliyokamatwa. Kwa hiyo waliyokosa watu wa Freretown yalizidi chakula na paa. Walikosa jina, ukoo na mahali pa kuzikwa.

James Mbotela, mwalimu aliyezaliwa katika jamii hiyo, anasimulia habari zilizompata baba yake: kutekwa upande wa Ziwa Nyasa, safari ya kwenda pwani, jahazi, kuokolewa, na maisha ya Freretown. Wahakiki hawajakubaliana kama kitabu hiki ni riwaya, ni wasifu au ni historia. Wapo wanaokihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya Kiswahili. Wengi zaidi wamekilaumu kwa mambo mawili: kinawamiminia Waingereza sifa bila kadiri, na kinawabebesha Waarabu mzigo wa utumwa kana kwamba soko la dunia halikuwapo. Lawama hizo ni za haki. Mwandishi aliyechapishiwa na shirika la Kikristo la London mwaka 1934 hakuwa na nafasi pana ya kusema vinginevyo, lakini ufinyu wa nafasi hauondoi kosa.

Pamoja na hayo, kikipimwa kwa maswali matatu yaliyotajwa, kitabu hiki kinaonyesha sura nyingine. Anayealika ni mmisionari, na hilo halina ubishi. Anayesema, hata hivyo, si mmisionari tena. Taarifa za misheni za karne ya kumi na tisa ziliwaeleza walookolewa kama kundi: idadi yao, afya yao, ubatizo wao. Waliketi kimya kama maskini wa Luka. Mbotela ni mtoto wa mmoja wa walioketi kimya, naye anachukua kalamu. Kwa mara ya kwanza karamu inasimuliwa kutoka upande wa viti vya mwisho. Utekaji si takwimu tena. Una mtoto mmoja, wazazi, kijiji, na njia aliyopitishwa.

Jina la mwandishi lenyewe ni hoja. James ni jina la ubatizo na ni la mwenyeji. Mbotela ni jina la baba, jina lililotoka bara pamoja na mateka na kuvuka soko na bahari. Katika jamii ambayo mtumwa hakuwa na nasaba, jina hilo limekuwa jina la ukoo na limechapishwa kwenye jalada la kitabu. Kuwatukuza waliosahauliwa kunaanza hapa, kabla hata ya sentensi ya kwanza. Msomaji anayeona shukrani kwa Waingereza peke yake hajaona kwamba mwana anamjengea baba yake kaburi lenye maandishi.

Swali la tatu ndilo linalokisumbua kitabu. Nani analipa? Luka anataka mwenyeji asilipwe. Freretown haikuwa hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe lilitolewa mapema. Maisha yaliongozwa kwa kengele, kazi za shamba na nidhamu kali, na katika miaka ya mwanzo ya 1880 adhabu za viboko zilizua malalamiko hata miongoni mwa wafadhili wa misheni. Kengele hiyo ingalipo mpaka leo, na mahali pale panaitwa Kengeleni. Inasemekana ilipigwa pia kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Sauti moja iliwalinda walookolewa na kuwaamrisha. Ni ishara ya ukarimu wa misheni kuliko ishara yoyote ambayo mtunzi angeweza kuibuni.

Malipo mengine yalikuwa shukrani. Kichwa cha kitabu kinaweza kusomwa kwa njia mbili kutokana na kiunganifu -a cha umilikaji. Uhuru wa watumwa ni uhuru walio nao watumwa, na pia ni uhuru waliopewa watu ambao bado wanaitwa watumwa. Kitabu kinayumba kati ya maana hizo mbili. Kila kinapofika mahali pa kumtukuza aliyeteseka, kinageuka kumshukuru aliyeokoa, kana kwamba bili imeletwa mezani. Hapo ndipo penye udhaifu wake wa kisanaa. Simulizi ina nguvu inapokuwa njiani na mateka, na inapoa inapofika kwa mwenyeji, kwa kuwa mgeni anayedaiwa hawezi kumweleza mwenyeji wake kama mtu mwenye kasoro.

Ni vyema kulinganisha hali hiyo na tukio lililotokea nje ya ua wa misheni. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo Waafrika waliwapokea watoro wa utumwa wakaishi nao. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Waliopokea hawakuwa na manowari wala fedha za London. Walikuwa karibu kuwa maskini kama wageni wao, na aliyelipa gharama ya karamu alikuwa mwenyeji, tena kwa maisha yake. Mfano wa Luka hauhitaji ufafanuzi mwingine.

Nitaolewa Nikipenda: karamu kama mtego

Ikiwa kitabu cha Mbotela kinaonyesha ukarimu uliochanganyika na deni, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ inaonyesha deni lililovaa vazi la ukarimu. Kiguunda ni kibarua katika shamba la Ahab Kioi wa Kanoru, tajiri na Mkristo mashuhuri. Ana ekari moja na nusu tu, na hati ya shamba hilo ndiyo heshima yake yote. Siku moja Kioi na mkewe Jezebel wanaleta habari kwamba wangependa kumtembelea. Wangeci, mke wa Kiguunda, anatumaini wanakuja kumposa binti yao Gathoni kwa ajili ya mtoto wao John. Sivyo. Wanakuja kuwaambia Kiguunda na Wangeci kwamba wanaishi katika dhambi kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani, na kwamba mlango wa kanisa uko wazi kwao.

Kwa juu juu mwaliko huu ni wa Luka kabisa. Tajiri ameingia katika nyumba ya udongo kumwita maskini aje karamuni. Kejeli ya tamthilia imejengwa juu ya ufanano huo. Kila sharti la mfano limetimizwa kwa nje na kupinduliwa kwa ndani. Ili afunge arusi inayomfaa mgeni wa Kioi, Kiguunda anaiweka hati yake rehani benki. Arusi haifiki mwisho wake, Gathoni anapata mimba na kukataliwa, mkopo unadaiwa, shamba linanadiwa, na mnunuzi ni Kioi, ambaye tangu mwanzo alilitaka kwa ajili ya kiwanda cha dawa za wadudu atakachokijenga na wageni. Maskini ameingia karamuni, na mlo uliokuwa mezani ni shamba lake.

Majina ya wahusika yanampa msomaji wa Biblia ufunguo. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, na Yezebeli mkewe anampatia kwa kuitisha mfungo wa kidini na kumweka Nabothi mbele ya watu. Ibada ndiyo chombo cha unyang'anyi. Watunzi hawakuhitaji kuleta nadharia kutoka mbali ili kuupinga Ukristo wa Kioi. Wameupinga kwa Maandiko yake mwenyewe. Jambo hili hupuuzwa na wahakiki wanaoiona tamthilia kuwa ni ya kupinga dini tu. Kama Biblia isingekuwa na Nabothi, kejeli ya majina isingekuwa na meno.

Nani anasema katika tamthilia hii? Jibu linapatikana ndani na nje ya maandishi. Ndani, Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ndiye anayeifumbua hila na kuwaita wanyonge kwenye umoja wao wenyewe. Kisanaa Gicaamba ana upungufu: husema kama anayehutubia mkutano, na wakati mwingine hotuba yake inamfunika Wangeci, ambaye tamaa yake ya kuheshimiwa na majirani ni ya kibinadamu zaidi na ingestahili kusikilizwa kwa muda mrefu.

Nje ya maandishi, hata hivyo, jibu ni pana zaidi. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichotokana na siku za Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Wakulima na vibarua wake waliijadili rasimu ya tamthilia, wakairekebisha, wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza wenyewe. Wimbo wa gĩtiiro katika sehemu ya arusi ya kimila ulitolewa neno kwa neno na mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Mwanamke huyo ndiye yule wa vichochoroni ambaye Luka hakumpa usemi. Hapa ameketi mahali pa mtunzi. Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977 na kupigwa marufuku tarehe 16 Novemba mwaka huo. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mpaka Desemba 1978, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Dola ilielewa vyema kwamba watu wa njiani wakiketi na kusema, orodha ya wageni imekwisha kubadilika.

Kwa hiyo, tamthilia inayoukejeli Ukristo ndiyo iliyolitimiza, katika namna ya kutungwa na kuigizwa kwake, shauri la Luka 14 kuliko arusi yoyote ya Kioi. Haidaiwi hapa kwamba watunzi walikusudia hivyo. Linalodaiwa ni kwamba kipimo cha imani kinaweza kutimizwa na asiyeikiri na kuvunjwa na anayeikiri, na kwamba mhakiki anayepima matini kwa maungamo yake peke yake atakosea pande zote mbili.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kuwapokea waliosahauliwa, kama kulivyochorwa katika matini hizi, hakupimwi kwa upana wa mlango. Freretown ilikuwa na mlango mpana, na Kioi naye alibisha hodi mwenyewe. Kunapimwa kwa mambo mawili mengine: kama mgeni anaruhusiwa kuisimulia karamu kwa kinywa chake, na kama anaweza kuondoka bila kudaiwa. Mbotela amepata la kwanza kwa nusu na kulikosa la pili. Kiguunda amekosa yote mawili, ilhali watu wa Kamĩrĩĩthũ waliomwigiza walipata la kwanza kwa ukamilifu na kulipia kwa ukumbi wao.

Jambo la mwisho linauhusu uhakiki wenyewe. Wahakiki nao ni wenyeji. Wana meza yao, nayo ni mitalaa, mitihani na historia za fasihi. Katika meza hiyo Uhuru wa Watumwa kimeketishwa mlangoni kwa miaka mingi, kikitajwa kwa mwaka wake wa kuchapishwa na kasumba yake, kisha mazungumzo yakaendelea na walioalikwa mapema. Kasumba hiyo imo na itajwe. Lakini ikiwa mtoto wa mateka amekuja na jina la baba yake mkononi, kumwambia kwamba ameshukuru kupita kiasi si jibu la kutosha. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na msemo huo unamwona mwenyeji kuwa ndiye mgonjwa. Fasihi ya Kiswahili inayojitafutia mwanzo wake ina haja ya kitabu hiki kuliko kitabu hiki kinavyoihitaji. Nafasi bado ipo, kama alivyoarifu yule aliyetumwa, na wakati umefika wa yeye naye kuambiwa aketi.